Sikio Jekundu

Sanamu za shaba hupakwa nta mara mbili kwa mwaka, na mtu anayezipaka hujua siri za miili yao ambazo hata aliyezitengeneza ameshazisahau. Mama Nta alijua kwamba Mwanamke Aliyekaa ana ufa mwembamba nyuma ya goti la kushoto. Alijua kwamba Mtembezi, yule mwanamume mrefu asiye na uso anayepiga hatua miaka yote bila kufika, hupata joto la jua kabla ya wenzake, kwa hiyo lazima aanze naye asubuhi na mapema. Alikuwa akiosha sanamu kwa maji na sabuni laini, akiikausha, akiipasha kwa moto wa gesi taratibu mpaka shaba ipate joto la mtu mwenye homa, kisha akipaka nta kwa brashi na kusugua kwa kitambaa mpaka ing'ae. Jina la Mama Nta alipewa na wenzake pale bustanini, naye alilipenda. La zamani lilikuwa jina la mke wa mtu.

Kitu kimoja tu hakikuhitaji nta yake. Kilisimama mwisho kabisa, kwenye nyasi zinazoteremka kuelekea ukutani: kazi ya chuma chekundu, tupu ndani, yenye urefu wa watu watatu waliobebana mabegani, iliyojikunja na kujikunjua hata huwezi kusema inaanzia wapi. Kibao chake kiliandikwa Kazi Namba Nne. Wafanyakazi waliiita Sikio. Wageni walilizunguka wakikuna vichwa. Siku moja bwana mmoja alisema, "Hiki hata mimi ningekitengeneza," na mkewe akamjibu bila kugeuka, "Rafu ya jikoni inakungoja mwaka wa pili sasa." Mama Nta alicheka mpaka akaweka brashi chini.

Alichekea mbali, hata hivyo. Karibu na Sikio hakuwahi kucheka, wala hakuwahi kuligusa. Kila siku ya jua, ikifika saa kumi alasiri, kivuli cha miti kikilifikia, Sikio lilibisha. Ko. Ko. Ko. Mara tatu: ya kwanza kwa nguvu, ya pili kwa upole, ya tatu kama mtu aliyekwisha kukata tamaa. Kisha kimya mpaka kesho yake.

"Chuma kikipoa hulia," msimamizi wa bustani alimweleza zamani, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mtoto.

Mama Nta aliitikia kwa kichwa. Lakini chuma gani kinajua adabu ya hodi? Hodi hupigwa mara tatu, na usipoitikiwa, unaondoka.

Kulikuwa na jambo la pili. Ubavuni mwa Sikio, juu, mahali ambapo mtu angefika akiwa amepanda jukwaa, rangi ilikuwa ikibanduka kwa umbo la duara. Walipaka mara nne, na mara nne duara lilirudi, kana kwamba kuna mtu ndani anayelichora kwa kidole. Wafagiaji walisema ni jini. Mlinzi wa bustani, mzee mwenye kofia iliyofifia, alisema, "Jini gani huyo anayependa hesabu za maumbo?"

*

Sikio lile lilichomelewa na mumewe. Mchongaji alilichora kwenye karatasi, akaweka jina lake kwenye kibao, na ndivyo ilivyo haki ya wachongaji. Lakini mikono iliyokunja mabamba na kuziba kila mshono ilikuwa ya mumewe, fundi wa kuchomelea, mtu wa maneno machache ambaye mtaa mzima ulimwita Mgawaji. Hakuweza kumaliza juma bila kumpa mtu kitu. Koti lake la mvua alimpa msukuma mkokoteni. Viatu vyake vya harusi alimpa jirani aliyekuwa anakwenda kutafuta kazi. Mkewe alinuna, akacheka, akanuna tena. Kitu kimoja tu mkewe alimwambia tangu siku ya kwanza kwamba hakigawiki, nacho ni nyundo ya baba yake.

Ilikuwa nyundo ndogo, upande mmoja umechongoka kama mdomo wa ndege, upande mwingine bapa, ya kubandulia magamba yanayobaki juu ya mshono baada ya kuchomelea. Baba yake Mama Nta, naye fundi chuma, alimkabidhi mkwewe siku ya harusi mbele ya watu. Mpini ulizungushiwa ngozi, na mwisho wa ngozi kulikuwa na kitanzi cha kutundikia.

Siku ile, miaka kumi na tisa iliyopita, mumewe aliziba bamba la mwisho la Sikio palepale bustanini, akarudi nyumbani mapema. Ilikuwa inakaribia saa kumi. Mkewe alisimama mlangoni akautazama mkanda wake wa vifaa.

"Nyundo iko wapi?"

Mumewe alijipapasa. "Nilikuwa nayo."

"Umempa nani?"

"Sijampa mtu, mama."

"Yule rafiki yako ameimezea mate mwezi mzima. Umempa."

"Sijampa mtu."

"Basi usiingie humu mpaka uje nayo."

Akafunga mlango, akasukuma komeo. Hodi ilikuja mara tatu, ya kwanza kwa nguvu, ya pili kwa upole. Ya tatu ilikuwa ndogo kabisa. Binti yao, wa miaka saba, alikuwa amesimama dirishani. "Mama, baba anabisha," alisema. Naye akajibu, "Mwache."

Jua lilikuwa halijazama walipokuja watu wawili na kofia zao mikononi. Mumewe alikuwa amerudi bustanini, akapanda jukwaa la mbao lililokuwa bado limesimama kando ya Sikio, na ubao ukateleza. Alikwenda kufanya nini kule juu, hakuna aliyejua. Baada ya siku mbili wapaka rangi walikuja na ndoo zao, wakalipaka Sikio jekundu kutoka juu mpaka chini, jukwaa likaondolewa.

Hasira hasara, watu husema, na wanaosema kirahisi ni wale ambao haijawapata. Miezi michache baada ya mazishi aliomba kazi bustanini. Walidhani anataka kuwa karibu na kazi ya mikono ya marehemu, wakamhurumia, wakampa. Ukweli ni kwamba alikuja na swali. Je, mumewe alimwambia kweli? Kama aliigawa ile nyundo, basi alikufa na kosa lake, na yeye mkewe akabaki na lake, na makosa mawili yanaweza kusameheana. Kama hakuigawa, basi alimfungia mlango mtu asiye na hatia, katika saa ya mwisho ya maisha yake. Rafiki yule alihama mji kabla mwezi haujakwisha, na Mama Nta hakupata kumwuliza.

Alilitaka jibu, na aliliogopa. Nyumbani aling'oa komeo, yakabaki matundu manne ya misumari. Habari za siku ile zikawa hazizungumzwi. Binti yake alikua, akaolewa mtaa wa pili, na kila alipokuja kumwona mama yake hakubisha hodi. Alikohoa tu nje, akaingia. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza mwenyewe, kama watoto wanavyojifunza mahali panapouma katika nyumba.

*

Mwaka huu msimamizi alilichoka lile duara. Akamleta fundi rangi mpya, mwanamke kijana aliyevaa ovaroli inayoweza kumeza wawili kama yeye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa tano."

"Nimesikia. Hao wanne walikwaruza juu juu, wakapaka, wakaenda zao kula. Mimi nateremka mpaka kwenye chuma chenyewe. Njoo unishikie ngazi, tafadhali. Mlinzi wenu ana kizunguzungu hata akipanda tofali."

"Nimekusikia," alisema mlinzi kutoka mbali. "Tena ni tofali refu."

Mama Nta alisita. Kisha akapiga moyo konde, akashika ngazi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa kiganja chake kiligusa chuma kile, kwa bahati mbaya, kikakikuta cha moto kama mgongo wa mnyama.

Siku ya pili, saa nane na nusu hivi, fundi rangi aliita kutoka juu. "Mama, panda kidogo uone. Ngazi haitikisiki, nimeifunga kamba."

Alipanda. Rangi zote tano zilikuwa zimetoka. Juu ya chuma kitupu kulikuwa na mstari wa njano, duara lenye upana wa sinia, na katikati yake msalaba.

"Chaki ya nta," alisema fundi rangi. "Mafundi chuma huchorea alama. Na rangi haishiki juu ya nta, wewe unajua kuliko mimi. Waliopaka mara ya kwanza hawakuifuta, basi miaka yote rangi imekuwa ikikataa hapa."

Mama Nta hakusikia yote. Alikuwa anautazama msalaba. Mguu wake wa chini ulikuwa na mkia mdogo uliopinda kulia. Mumewe hakuwahi kuweka alama bila mkia ule. Aliuweka ukutani alipotaka kupigilia msumari, aliuweka kwenye mlango wa kabati, aliwahi kuuweka kwa kisu juu ya mkate, ili binti ajue wapi pa kukatia.

"Hii ni alama ya kukatia," fundi rangi aliendelea. "Kuna mtu alitaka kufungua hapa. Ndani pana kitu, au alidhani pana kitu." Akamtazama Mama Nta usoni, na alichokiona akakihifadhi, hakuuliza. Alisema tu, polepole, "Nina ruhusa ya kufungua mahali pamoja nichungulie kutu. Naweza kufungua hapa, naweza kufungua kule chini kwenye msingi. Kwangu ni sawa. Wewe ungependa wapi?"

"Ngoja kwanza," alisema Mama Nta.

Akateremka, akaenda kwa Mwanamke Aliyekaa, akaanza kusugua goti ambalo lilikuwa limeshang'aa tangu juzi. Mikono yake ilihitaji kazi. Alifikiri: nikisema kule chini, rangi itapakwa, itashika, nami nitakufa bila kujua, kama nilivyoishi. Watu wengi hufa hivyo na wanazikwa vizuri tu. Goti la shaba lilimrudishia uso wake, mdogo na uliopinda.

Baadaye aliinua macho, akamwona mlinzi hatua chache kutoka pale, anavuta reki juu ya nyasi zisizokuwa na jani hata moja.

"Reki ya nini?" alimwuliza. "Wewe si mtunza bustani."

"Saa kumi inakaribia."

"Ikikaribia ndiyo nini?"

Mlinzi alijikuna chini ya kofia. "Saa hizi huwa nakuwa karibu na wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu siku yako ya kwanza hapa, shemeji. Lile lidude lilipobisha, uliacha moto wa gesi ukiwaka mkononi, unatazama tu. Nikasema, huyu asiwe peke yake saa hiyo. Basi. Siku nyingine nakuja na ufagio, siku nyingine napiga mluzi."

Mama Nta alikumbuka mluzi ule. Miaka yote alidhani ni mtu asiye na kazi. "Mbona hukusema?"

"Ungenifukuza."

"Ningekufukuza kweli."

"Si unaona," alisema mlinzi, akaendelea kuvuta reki.

Kivuli cha miti kilipanda kwenye nyasi, kikagusa mguu wa Sikio, kikaanza kupanda. Walingoja wote wawili bila kutazamana. Ko, kwa nguvu. Ko, kwa upole. Ko. Na safari hii, kwa kuwa rangi haikuwapo tena kuizuia sauti, alisikia inakotoka. Ilitoka nyuma ya duara.

Aliweka kitambaa chini, akaenda mpaka kwenye ngazi.

"Kata hapo juu," alisema.

*

Cheche zilimwagika kama maji. Zilipokwisha, fundi rangi alikitoa kipande cha duara, akaingiza mkono mpaka begani, shavu limegandamana na chuma. "Pana ubavu wa kushikilia mabamba," alisema. "Na hapa... ngoja. Kuna kitu kimening'inia."

Akatoa mkono. Nyundo ilikuwa imeshika kutu, na ngozi ya mpini imekauka kama ubao, lakini kitanzi kilikuwa kizima.

Fundi rangi aliteremka nayo, akampa kwa mikono miwili, kama mtu anavyokabidhiwa mtoto. Akaeleza kwa sauti ya chini, maana alijua kwamba maelezo nayo ni kitu cha kushika. Aliyekuwa akiziba aliitundika ndani kwenye ubavu wa chuma, karibu na mkono wake, akafunga bamba la mwisho akiisahau. Alasiri bamba likipoa linaruka kidogo, linaipiga nyundo, nyundo inabembea na kurudi, inagonga, inagonga tena kidogo zaidi, inatulia.

"Kwa hiyo si jini," alisema mlinzi.

Mama Nta aliupima uzito wa nyundo mkononi. Hakuigawa, alijiambia. Alisema kweli mara mbili, nami nikamfungia mlango mara moja ikatosha. Alirudi hapa kuitafuta kwa sababu nilimtuma. Hakulia.

"Ukiziba," alimwambia fundi rangi, "uweke mshono mzuri. Yake ilikuwa mizuri."

"Nimeipapasa ya ndani," alijibu yule kijana. "Mahali ambapo hakuna jicho litakalofika, na bado ameilainisha yote. Sijaona kazi kama ile."

Kesho yake bamba lilirudishwa. Saa kumi wote watatu walisimama kwenye nyasi, mlinzi na reki yake, kivuli kikapanda, na Sikio halikusema kitu. Mlinzi akajaribu kupiga mluzi, ukamfia mdomoni. Mama Nta hakuwahi kuogopa vile katika miaka yote ya kubisha. Mtu anayebisha bado yuko mlangoni. Huyu alikuwa ameondoka, au alikuwa amehamia mahali pengine.

*

Siku ya mapumziko aliitundika nyundo mlangoni mwake, kwa nje, kwenye msumari alioupigilia katika tundu mojawapo la komeo la zamani, uliotokeza upande wa pili wa ubao. Binti yake alikuja alasiri. Alianza kukohoa kama kawaida yake, kikohozi kikakatika katikati. Kisha akaingia, akiwa ameishika nyundo kwa vidole viwili, kana kwamba bado ina moto.

"Ilikuwa wapi, mama?"

"Ndani ya Sikio. Aliisahau ndani." Mama Nta alikaa kitini. Maneno yaliyofungwa miaka kumi na tisa hayatoki kwa mpango. "Nilimwambia asiingie mpaka aje nayo. Alibisha, nikakwambia umwache. Alikwenda kule kwa ajili ya ulimi wangu. Aliondoka hapa na uchungu wangu kifuani, na ndio aliokufa nao."

Binti yake aliiweka nyundo mezani. "Hapana," alisema.

"Hapana nini? Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa dirishani, mama. Nilimwona. Alibisha mara tatu, akasimama pale ameinamisha kichwa. Kisha akajipiga kofi kwenye paji la uso, hivi," akajipiga, "na akacheka. Aliniona, akaweka kidole mdomoni mwake kuniashiria nisiseme, akaonyesha kwa mikono kitu kinachoning'inia. Akakimbia. Alikuwa ameshakumbuka iko wapi. Alikimbia kama mtu anayekwenda kuleta zawadi."

Mama Nta aligeuka, akalitazama dirisha lile.

"Nilitaka kukwambia siku ya mazishi. Ukasema siku ile isizungumzwe. Basi nikawa nayo tu. Baadaye nikadhani labda niliiota."

"Alicheka?"

"Alicheka, mama. Meno yote."

Nje mtu alipita na baiskeli, kengele ikalia mara moja. Mama Nta aliwaza jinsi alivyokuwa amelizuia jibu lile nje ya nyumba pamoja na mengine yote, lenyewe likiwa limekaa palepale kwenye kiti cha pili, likinywa chai yake kila juma.

Saa ya ukutani ilifika kumi.

"Toka nje," alimwambia binti yake.

"Unanifukuza?"

"Toka, ufunge mlango, ubishe."

"Mama, nimeshaingia."

"Nisikilize, mwanangu. Chukua na nyundo."

Binti alitoka, mlango ukafungwa. Mama Nta alisimama, akajifuta viganja kwenye kanga. Ko, ilisikika, kwa nguvu. Ko, kwa upole. Hakungoja zaidi. Alivuka chumba kwa hatua ambazo miguu yake haikuwa imepiga miaka mingi, akaufungua mlango kabisa, mpaka ukagusa ukuta.

Binti yake alikuwa amesimama pale, nyundo ameishusha kando ya paja. Mkono wake haukusogea. Na hapo ya tatu ilisikika, ndogo, polepole, kama mtu aliye karibu sana na asiyetaka kusumbua.

Walitazamana. Binti alitaka kusema kitu, mama yake akamwekea kidole mdomoni.

"Karibu," alisema Mama Nta.

Binti akaingia. Mama Nta alibaki ameushikilia mlango wazi, akahesabu pumzi zake, muda ule ambao mtu wa pili angehitaji ili apite.